Umefunga Ndoa na Asiye na Makaratasi Marekani? Anza na Namna Alivyoingia

Wanandoa wengi wanaofika kwenye ofisi yetu ya msaada wa kisheria huja na cheti cha ndoa wakiamini mambo yamekwisha. Cheti hicho hakimpi mtu ukaazi. Kinampa raia wa Marekani haki ya kumwombea mwenzake kwa fomu I-130, na fomu hiyo peke yake haimkingi mtu asirudishwe kwao. Swali zito ni hili: aliingiaje nchini?

Aliyepita uwanja wa ndege akakaguliwa, kisha muda wa viza ukaisha akabaki, ana nafuu. Akiombewa na mke au mume aliye raia, sheria humsamehe kuzidisha muda, na anaweza kujaza I-485, fomu ya kuomba ukaazi wa kudumu, akasubiri humo humo Marekani. Anayemwombea akiwa na grini kadi tu, yaani kadi ya ukaazi wa kudumu, nafuu hiyo kwa kawaida haipo mpaka awe raia.

Aliyevuka mpaka bila kukaguliwa mara nyingi hutakiwa kuifuata viza ubalozini, nje ya nchi. Hapo ndipo familia huumia. Kwa sheria ya 1996, aliyeishi bila ruhusa zaidi ya siku 180 kisha akatoka hufungiwa kurudi kwa miaka 3. Aliyefikisha mwaka, miaka 10. Katazo hilo la kurudi huanza anapotoka, na humkumba hata aliyeingia kwa viza. Kwa hiyo asipande ndege kabla ya kupata ushauri, hata kwa msiba wa mzazi. Najua ni maneno magumu kumwambia mfiwa, lakini nimeona nyumba zikitengana kwa safari ya wiki mbili.

Upo msamaha wa katazo hilo unaoombwa kabla ya kuondoka, kwa fomu I-601A. Lazima uthibitishe kwamba mwenza au mzazi wa mhusika, aliye raia au mkaazi wa kudumu, atapata taabu iliyopita kiasi. Taabu ya watoto huhesabiwa kwa jinsi inavyomlemea mwenza au mzazi huyo tu.

Waulizeni pia wenzenu kama waliwahi kujaza kwenye fomu ya ajira kwamba ni raia. Dai hilo la uongo linaweza kumzuia mtu kupata ukaazi maisha yake yote, na ndoa hailifuti.

Ushauri utafuteni kwa wakili wa uhamiaji au mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria ya Marekani. Anayewajazia fomu dukani kwake hana mamlaka hayo, hata akiwa mtu wa nyumbani.