Empresario hakuwa mwenye ardhi

Nimesoma kwa mara nyingine makala inayomtaja Haden Edwards, yule wa uasi wa Fredonia wa mwaka 1826 huko Texas, iliyokuwa bado sehemu ya Meksiko, kuwa "tajiri mwenye ardhi" aliyepokonywa mashamba yake na serikali ya Meksiko. Edwards alikuwa empresario, yaani mtu aliyepewa mkataba wa miaka 6 na serikali ili alete familia za walowezi na kuzikalisha katika eneo lililotajwa. Hakuwa zaidi ya hapo.

Kosa hili nadhani linaanzia kwenye kamusi. Katika Kihispania cha leo empresario ni mfanyabiashara au mwenye kampuni, na msomaji akishaiona maana hiyo hatafuti nyingine. Lakini neno hilo linatokana na empresa, shughuli ambayo mtu amejitwika, nalo limetoka katika kitenzi emprender, ambacho asili yake ni prehendere ya Kilatini, "kushika". Empresario basi ni aliyeshika kazi. Waitalia wana ndugu wa neno hili, impresario, wanayemwita hivyo mwandalizi wa maonyesho ya opera, na sijapata kumsikia mtu akidhani kwamba waimbaji ni mali yake. Sisi tunaye mkandarasi, na tunajua vyema kwamba aliyepewa kandarasi ya kujenga barabara hawi mwenye barabara.

Sheria ya Coahuila y Tejas, jimbo la Meksiko lililoijumuisha Texas, ya tarehe 24 Machi 1825 ililiweka jambo hili wazi: kwa kila familia 100 alizozileta, empresario alilipwa sitio 5 za malisho, kila moja ikiwa na ekari zipatazo 4,428, pamoja na labor 5 za kulima, za ekari 177 hivi kila moja. Huo ndio uliokuwa ujira wake. Ardhi iliyobaki ilikuwa ya jimbo mpaka mlowezi agawiwe, na ada yake aliilipa jimboni. Hata Stephen F. Austin, empresario aliyefanikiwa kuliko wote, alipotaka kuwatoza walowezi wake senti 12 na nusu kwa ekari, mkuu wa utawala wa Texas, José Antonio Saucedo, aliikataa bei hiyo mwaka 1824 na kuweka ada rasmi.

Edwards alipata mkataba wake Aprili 1825, wa familia 800 katika eneo la Nacogdoches, mashariki mwa Texas, ambako tayari walikuwako watu waliokaa tangu enzi za Wahispania, na mkataba huohuo ulimtaka aheshimu haki zao. Mnamo Septemba alibandika matangazo kwamba asiyeonyesha hati ataona ardhi yake ikiuzwa. Ikiuzwa na nani, ilhali muuzaji si mwenyewe? Ukafuata ugomvi juu ya uchaguzi wa alcalde, hakimu wa mji, na mwaka 1826 jimbo likaufuta mkataba. Ndugu yake Benjamin aliingia Nacogdoches tarehe 16 Desemba na watu wapatao 30, na tarehe 21 ikatangazwa Jamhuri ya Fredonia kwa ushirika na Richard Fields na John Dunn Hunter, waliosema kwa niaba ya Wacherokee, wenyeji wa asili wa Amerika, ambao nao walikuwa wakingoja hati ya ardhi kutoka Meksiko bila kuipata. Dai lao, kwa maoni yangu, lilikuwa zito kuliko la Edwards. Austin aliunga mkono serikali. Kufikia mwisho wa Januari 1827 akina Edwards walikuwa wamevuka mto Sabine kuingia Louisiana, upande wa Marekani, na Fields na Hunter wakauawa na Wacherokee wenyewe.

Kwamba Edwards alitumia fedha zake nyingi na kupata hasara ni kweli, na mwandishi ana haki ya kumwonea huruma. Ila amwite empresario aliyefutiwa mkataba, au, kama neno la Kihispania linamkera, mkandarasi wa walowezi.