Oili Haimwagiki Yenyewe

“Kazi ya oili ni uchafu, ami, utaikwepa vipi?” Maneno haya nimeambiwa Mkoani, hapa Pemba, na vijana wengi wanaobadilisha oili za injini za boti, na kila anayeyasema suruali yake ni shahidi. Na mimi nilikuwa hivyo hivyo. Nilikuwa nikitoka ngamani, chini kabisa ndani ya chombo yanakokusanyika maji, mweusi hadi viwikoni, nikaona ndiyo dalili ya fundi aliyefanya kazi. Siku hizi nikimwona fundi kachafuka hivyo, najua kuna kitu alikianza kabla hajakiandaa.

Chanzo cha uchafu mwingi ni kuamini kwamba oili ya boti hutolewa kama ya gari, kwa chini. Chini ya gari fundi anaingia na karai, anafungua nati, anasubiri. Lakini injini ya ndani ya boti imekaa juu ya mataruma, zile mbavu za chombo, imebakiza vidole vichache tu kugusa ngama. Nati ya chini huifikii, na ukiifikia karai halipiti. Anayelazimisha huishia kuiacha oili imwagike ngamani, akisema ataifuta baadaye. Baadaye yenyewe ni pampu ya ngama, inayoitupa yote baharini.

Oili ya boti hutolewa kwa juu, kupitia tundu la kijiti cha kupimia. Unahitaji pampu ya mkono, mpira mwembamba unaopita kwenye tundu hilo, na dumu lenye kifuniko. Washa injini robo saa ipate joto, kisha zima, ngoja dakika kumi. Ikiwa baridi ni nzito, haivutiki, na masizi yanabaki yamelala chini. Ikiwa moto sana inakuunguza na mpira unalegea. Kuna wanaosema pampu hubakisha uchafu. Hubakisha kidogo, ni kweli, hasa mpira usipogusa chini, kwa hiyo uteremshe mpaka ugote, kisha uusogezesogeze unapovuta. Halafu pima ulichotoa. Kama kitabu cha injini kinasema lita 5 na dumu lina lita 3, hujamaliza.

Wapo wanaoanzisha mvuto kwa mdomo, kama wanavyofanya kwa petroli. Tone likiingia mapafuni ni maradhi mazito ya kifua, na oili iliyokwisha kutumika ina chembe za madini na masalio ya moto yasiyofaa kumezwa hata kidogo. Tena fikiria: ili mpira uvute wenyewe, dumu lazima liwe chini kuliko oili. Ndani ya boti, chini ya injini kuna nini tena ila ngama na bahari?

Rangi nayo inawapoteza watu. Oili ya dizeli ikiwa nyeusi wanasema imeharibika, wakati huwa nyeusi baada ya saa chache tu za kazi, kwa sababu inafanya kile ilichowekewa: kubeba masizi. Ogopa ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maana maji yameingia. Ogopa pia kiwango kikipanda badala ya kushuka na kijiti kikanuka dizeli. Hapo kubadilisha oili peke yake hakutibu kitu, tafuta palipovuja.

Filta ndiyo inayowaaibisha hata wazoefu. Nyingi zimefungwa kwa ubavu, ukilegeza tu oili inateremka kwenye mwili wa injini. Vitabu vya Ulaya vinasema ivike mfuko wa plastiki. Huku kwetu mifuko imepigwa marufuku tangu 2006, na dumu la maji la lita 5 lililokatwa ubavu linafanya kazi nzuri zaidi. Liweke chini ya filta kabla hujashika spana, legeza nusu mzunguko, kisha ondoa mkono uache ichuruzike. Haraka ya dakika tano hapa ndiyo inayoleta saa nzima ya kufuta. Kabla ya kufunga mpya, tazama mpira wa filta ya zamani usije ukawa umebaki umeganda kwenye injini. Mipira miwili ikikutana, oili yote hurushwa nje ukiwasha. Mpya paka oili, ikaze kwa mkono tu. Na hao wanaobadilisha oili wakaiacha filta ya zamani wamebakisha uchafu mle mle, utachanganyika na oili mpya mara injini itakapowashwa.

Sasa jenereta, na hapa ndipo nina ugomvi na wenye vyombo vya dagaa. Zamani walivulia karabai, leo ni jenereta na taa za umeme, na wengi wao wanabadilisha oili “mwezi hadi mwezi”. Injini ndogo za petroli, kama Honda za GX, hutaka oili mpya baada ya saa 20 za mwanzo, kisha kila saa 100 au miezi 6, kinachotangulia. Jenereta ya dagaa inawashwa magharibi, inazimwa alfajiri, muda wa takriban saa 10 kila usiku. Usiku kumi tu, saa 100 zimetimia, na giza la mwezi bado halijesha! Jenereta mpya ilitakiwa ibadilishwe oili baada ya usiku wa pili. Tena injini hizi hazina filta ya oili kabisa, kila kilichosagika kinazunguka humo humo. Ndogo huchukua lita 0.6, kubwa kidogo lita 1.1, si gharama ya kumfilisi mtu.

Ile swichi inayozima jenereta oili ikipungua, mafundi wengine wanaikata waya, eti inasumbua chombo kikiyumba. Kuyumba kweli kunaweza kuizima bure. Lakini nimeletewa jenereta zaidi ya moja zilizokwama kabisa, na waya ule umening’inia. Pima kwanza, jenereta ikiwa imekaa sawa. Hata injini kubwa usiipime chombo kimelala ubavu mchangani maji yamekupwa, kijiti kitakudanganya, utaongeza oili isiyohitajika. Ikizidi inapigwa povu, inatafuta njia kwenye sili, ile mipira ya kuzibia. Na jenereta inabebeka, jamani. Ishusheni pwani, muiweke juu ya ubao. Ya nini kumwaga oili ndani ya chombo?

Ikimwagika, watu hukimbilia sabuni ya unga. Rangi zinapotea machoni, oili haijaondoka, imevunjika vipande vidogo na kuzama kwenye maji. Utando unaong’aa rangi za upinde unaweza kuwa na unene wa sehemu 3 kati ya 10,000 za milimita. Kwa unene huo lita 1 inafunika mita za mraba 3,300 hivi, karibu nusu ya uwanja wa mpira. Kwa sisi Pemba, kunakotoka sehemu kubwa ya mwani wa Zanzibar, nusu uwanja ni kamba nyingi za mwani za kina mama. Pampasi nazo hazisaidii sana, zimetengenezwa kunyonya maji. Kinachofaa ni usufi, huu huu wa mito ya kulalia. Nyuzi zake zina nta, zinakataa maji na kuishika oili mara nyingi ya uzito wake. Ninao mfuko wa kitambaa uliojaa usufi, umelala ngamani chini ya injini mwaka mzima.

Oili chafu yenyewe wengine huipaka chombo, wakiamini ni dawa ya mbao. Wazee walipaka sifa, yaani mafuta ya papa, na chini ya maji shahamu na chokaa. Oili ya injini haikutengenezwa kukauka. Inabaki inanata, inatoka kidogo kidogo majini, na siku ya kukalafati, kuziba nafasi za mbao, au kupaka rangi hakuna kinachoshika. Ipelekwe gereji yenye pipa la oili chafu, isiyochanganywa na maji wala petroli. Na dumu lake liandikwe kwa rangi pande zote mbili, maana usiku ndani ya chombo dumu la oili na dumu la maji ya kunywa yanafanana.