Je, wajua kwa nini marehemu wa jana anaijua nambari ya mlango leo?

Mpwa wangu alinitupia swali hilo barazani kwetu Ngamiani, Tanga, baada ya isha, kajikunyata na gemu kwenye simu yake pembeni ya birika la kahawa.

"Mjomba, huyu mtu kafa jana. Kafa mbele ya macho yangu. Leo kaamka hana habari ya lolote, kafika mlangoni, kabonyeza tarakimu nne, mlango ukafunguka. Nambari kaambiwa na nani?"

"Umemwambia wewe," nikasema.

Akanitazama kama mtu aliyesingiziwa wizi wa kuku. Nikaona nimejibu haraka mno, na jibu lenyewe linataka kuanzia mbali kidogo.

Gemu alilokuwa nalo ni la aina ambayo Wajapani wameipika kwa zaidi ya miaka 40. Ni hadithi ndefu ya kusoma: picha za wahusika juu, maneno chini, muziki kwa mbali, na kila baada ya kurasa kadhaa unasimamishwa uamue. Umfuate yule mzee, au ubaki ndani? Hakuna kupiga risasi wala kuruka kuta. Mojawapo ya zile za awali, The Portopia Serial Murder Case ya Yuji Horii, ilitoka mwaka 1983, na tayari ilikuwa ya kupeleleza mauaji. Baadaye waandishi wakaongeza ukorofi: siku ikiisha, inaanza ile ile. Shujaa anauawa usiku, anaamka asubuhi iliyokwisha pita, na mara nyingi hakuna anayekumbuka kitu.

Ukiwauliza watu kwa nini waandishi wameipenda siku inayojirudia, wengi watasema ni kwa sababu ya maajabu yake. Mimi naona ni hesabu kwanza, maajabu baadaye.

Tutunge gemu letu wenyewe. Kijana anashuka basi stendi ya Kange jioni, kaja kumwona fundi saa mmoja anayekaa Barabara ya 9. Usiku huo fundi anakutwa amekufa. Kijana anapitiwa na usingizi, akifumbua macho yumo ndani ya basi, linaingia stendi, kondakta anapiga kelele zile zile. Tanga wanasema waja leo, waondoka leo. Huyu wetu kaja leo na leo haimwachii.

Sasa tumpe kijana maamuzi, kila moja likiwa na njia mbili. Akiamua mara 10, na kila njia tukaiandikia hadithi yake hadi mwisho, tutahitaji miisho 1,024. Akiamua mara 20, miisho ni 1,048,576. Hapo hata mwandishi asiyelala, anayekunywa kahawa ya barazani kuanzia magharibi mpaka alfajiri, atakufa kabla ya fundi saa.

Kwa hiyo waandishi hufanya kama barabara za Ngamiani, zile zenye nambari badala ya majina. Mmoja akate ya 7, mwenzake akate ya 12, baada ya dakika chache watakutana njia kuu ile ile. Matawi yanaachana kwa kurasa mbili tatu, halafu yanaungana. Kinachobaki ni alama ndogo ambayo programu inaiandika pembeni: kamsalimia muuza kahawa, ndiyo, kaokota ufunguo, hapana. Maamuzi 10 sasa yanataka vipande 20 tu vya hadithi na alama 10, na huko mbele programu inazichungulia zile alama na kubadilisha sentensi moja hapa, salamu moja pale.

Ujanja huu una aibu yake. Msomaji akicheza mara ya pili, akachagua kinyume, akajikuta mahali pale pale, anajua amedanganywa. Aliulizwa maoni kama mke anayeulizwa rangi ya kapeti iliyokwisha nunuliwa. Gemu nyingi za kawaida zinafia hapo.

Lakini katika siku inayojirudia, kule kurudi pale pale ndiyo sheria ya ulimwengu wenyewe. Kijana kakata ya 7, fundi kafa. Kakata ya 12, fundi kafa. Kakaa naye chumba kimoja, kafunga komeo, fundi kafa. Msomaji hasemi tena "mwandishi kanidanganya". Anasema: basi muuaji hakupita mlangoni. Udhaifu wa mtunzi umegeuka ushahidi. Sijui ujanja mwingine wa uandishi unaolipa deni lake kwa namna hii.

Tena kwa hadithi ya upelelezi faida ni kubwa kuliko hapo. Mpelelezi wa riwaya ya karatasi ana usiku mmoja tu, na marehemu mmoja. Huyu wetu anafanya kazi kama fundi redio: anachomoa waya huu, anawasha, kimya, anaurudisha, anachomoa ule. Kila kifo kinafuta dhana moja. Kuna hata waliofika mahali pa kuona maamuzi hayahitajiki sana. Higurashi no Naku Koro ni, iliyoanza kuuzwa sehemu kwa sehemu Japani mwaka 2002, karibu haimpi msomaji chaguo lolote. Inamsimulia Juni ya 1983 katika kijiji kimoja, halafu inamsimulia Juni hiyo hiyo tena ikiwa imeharibika kwa namna nyingine, na kumwachia yeye alinganishe.

Turudi kwenye nambari ya mlango. Katika gemu hizi kuna kumbukumbu tatu, na wachezaji wengi huzichanganya. Ya kwanza ni ya mhusika, nayo mara nyingi inafutwa siku ikianza upya. Ya pili ni yako wewe, ambayo hakuna programu inayoweza kuifuta. Ya tatu ni ya mashine.

Hii ya mashine inaonekana vizuri katika Ren'Py, programu ya bure ya kutengenezea gemu za namna hii, iliyotolewa na Tom Rothamel mwaka 2004 na kujengwa juu ya lugha ya kompyuta iitwayo Python. (Ni ya bure kweli. Kijana wa Tanga mwenye kompyuta ya kawaida anaweza kuanza nayo leo usiku, tatizo lake litakuwa hadithi, si fedha.) Ren'Py ina madaftari mawili. Moja liko ndani ya faili unalosevu: ukirudi nyuma, nalo linarudi nyuma, likisahau yote yaliyotokea baadaye. La pili halijali umesevu wapi. Hata ukianza upya kutoka sentensi ya kwanza, lenyewe bado linakumbuka kwamba huyu mchezaji amewahi kufika chumba cha chini na kuiona karatasi yenye nambari.

Daftari la pili ndilo linaloruhusu maiti kujua mambo. Katika Nine Hours, Nine Persons, Nine Doors, iliyotoka 2009 kwa ajili ya Nintendo DS, mashine ya gemu ya mkononi, huufikii mwisho wa kweli mpaka uwe umeupitia mwisho mwingine mbaya, na hadithi inakupa sababu yake yenyewe ya maarifa kuvuka kutoka tawi moja kwenda jingine. Sababu hiyo siitaji, nisije nikalaaniwa. Raging Loop, ya 2015, iko wazi zaidi: ukifa mahali fulani unapata ufunguo, na ufunguo ule unafungua chaguo lililokuwa limefungwa mahali pengine kwenye ramani ya matawi. Unalipia kwa kufa.

Na ukifikiri vizuri, wachezaji walikuwa wakiishi hivi zamani, kabla ya hadithi kukiri. Kila mtu aliyewahi kusevu kabla ya chaguo gumu, akachagua vibaya, akarudi akachagua jingine, ameshairudia siku akiwa na akili ya kesho. Shujaa tu ndiye aliyekuwa haambiwi.

Kuna kitufe kimoja nakipenda kuliko vyote, cha kuruka yaliyokwisha somwa. Bila hicho siku inayojirudia ingemchosha mtu asubuhi ya tatu. Unakibonyeza, maneno yanakimbia, basi linaingia Kange, kondakta anapiga kelele, muuza kahawa anasalimu, halafu ghafla yanasimama. Yamesimama kwa sababu sentensi iliyo mbele yako hujawahi kuisoma. Hapo kuna kitu kimebadilika, na mashine imekunong'oneza kabla mhusika yeyote hajafungua mdomo.

Kwenye gemu letu ningebadilisha jambo moja. Gemu za wenzetu siku huzigeuza usiku wa manane au mtu akiamka. Huku pwani Alhamisi ikishaadhiniwa magharibi tayari ni usiku wa Ijumaa. Siku ya fundi saa ingegeuka kwa adhana, kijana akiwa bado na kikombe mkononi, na msomaji wa kigeni angepoteza mizunguko miwili akishangaa kwa nini usiku wa manane haukuleta kitu.

Mpwa wangu alinisikiliza mpaka mwisho, akaenda zake kulala. Kesho yake akanijia na simu. Alikuwa ameifuta ile gemu pamoja na data zake zote, akaipakua upya, akaenda mlangoni siku ya kwanza kabisa, nambari nne akiwa nazo kichwani.

"Hapa pa kubonyezea hapapo, Mjomba. Napewa chaguo moja tu, kuondoka." Akaiweka simu mezani. "Basi si mimi niliyemwambia. Ni hii."