Riba hutoka kwenye mtaji, si kwenye jumla

Juzi kwenye tuisheni ya jioni hapa Wete niliandika suala hili ubaoni: mtu aliweka fedha benki kwa riba ya kawaida, ile isiyozaa riba juu ya riba, ya asilimia 10 kwa mwaka. Baada ya miezi 18 akakuta jumla ya shilingi 690,000. Mwanzo aliweka ngapi?

"Maalim, riba si haramu?" Kila mwaka hakosi wa kuuliza. Nikamjibu kwamba mtihani haumkopeshi mtu, unataka hesabu tu.

Kanuni mnaijua: I = PRT ÷ 100. I ni riba, P ni mtaji, yaani fedha iliyowekwa mwanzo, R kiwango cha riba kwa asilimia, T muda. Kiwango kimetajwa kwa mwaka, basi na muda uwe wa miaka: 18 ÷ 12 = 1.5. Ukiingiza 18 kama ilivyo, umemweka bwana wa watu benki miaka 18.

P hatuijui, tuiache P:

I = P × 10 × 1.5 ÷ 100 = 0.15P

Hapo nusu ya darasa iliteleza. Walichukua asilimia 15 ya 690,000, yaani 103,500, wakaitoa, wakanionesha 586,500 kwa furaha kabisa. Tulipime jibu lao. Asilimia 15 ya 586,500 ni 87,975. Jumlisha: 674,475. Mbona hazikufika 690,000?

Nikawapeleka kwenye jamvi la karafuu. Tuchukue kwamba karafuu mbichi zikianikwa hupoteza theluthi mbili ya uzito wake. Una kavu kilo 40. Mtoto gani wa Pemba atachukua theluthi mbili ya hizo 40, ajumlishe, aseme mbichi zilikuwa kilo 66 na ushei? Zilikuwa 120. Uzito uliopotea ulitoka kwenye mbichi. Na riba vivyo hivyo: ilitoka kwenye mtaji, nao wakaitafuta kwenye jumla.

Basi:

P + 0.15P = 690,000
1.15P = 690,000

P peke yake ni 1P, msiisahau hiyo 1. Sasa gawa pande zote mbili kwa 1.15: P = 600,000. Riba ni 90,000, na jumla inarudi 690,000.

Mmoja alitoa 1.15 badala ya kugawa, eti "namba ikivuka alama ya sawasawa hubadilika". Msemo huu siupendi hata kidogo. Hakuna namba inayovuka popote. Mlinganyo ni mizani, unalofanya upande huu lifanye na upande ule. 1.15 imezidishwa na P, kwa hiyo hufunguliwa kwa kugawa. Ingekuwa imejumlishwa, tungetoa.

Jaribuni hili nyumbani: kiwango asilimia 12 kwa mwaka, miezi 8, jumla 540,000. Mtaji ni 500,000. Aliyepata 496,800 arudi jamvini.