Wavu hupimwa katikati, na hupimwa kabla ya mchezo

Kila msimu wa mashindano ya michezo ya shule za msingi (UMITASHUMTA) na sekondari (UMISSETA) unapokaribia, malalamiko kuhusu viwanja vya mpira wa wavu huongezeka. Hapa Tabora hayajaisha, ingawa mkoa wetu ulikuwa mwenyeji wa mashindano hayo ngazi ya taifa mwaka 2022. Mengi yanafanana: timu imeshafungwa, ndipo kiongozi wake anakuja kusema wavu ulikuwa chini. Tunajua wanaoandaa viwanja, wengi wao walimu wanaojitolea baada ya vipindi, wana nia njema. Makala haya ni ya kuwasaidia.

Wavu wa wanaume ni mita 2.43 na wa wanawake ni mita 2.24. Kwa watoto, fuateni kanuni za mashindano husika, na ulizeni kabla ya kusimika nguzo. Namba hizo wengi wanazo kichwani. Kinachowashinda ni mahali pa kupimia. Kimo hupimwa katikati ya uwanja, si kwenye nguzo. Wavu uliofungwa kwa kamba ya manila huanza kulegea mapema, kwa hiyo nguzoni utasoma 2.43 na katikati ukute 2.36. Sentimita saba kwa mshambuliaji ni nyingi mno. Ukishapima katikati, pima juu ya mstari wa pembeni, kulia na kushoto. Pande hizo mbili lazima zilingane, na zisizidi kimo rasmi kwa zaidi ya sentimita 2. Wasio na fimbo ya kupimia watafute ubao mrefu ulionyooka, waupige alama nne kwa kalamu ya wino mzito: 2.24, 2.26, 2.43 na 2.45. Ubao huo ukitunzwa stoo, shule itautumia miaka mingi.

Uwanja una urefu wa mita 18 na upana wa mita 9. Mistari ina unene wa sentimita 5 na imo ndani ya vipimo hivyo, kwa hiyo tepu huanzia ukingo wa nje wa mstari mmoja na kuishia ukingo wa nje wa mwingine. Mpira ukigusa mstari uko ndani. Hili limeelezwa miaka nenda rudi na bado watu wanagombana nalo, jambo ambalo kwa kweli linachosha. Msipime kwa hatua za miguu. Ili kujua kama pembe zimekaa sawa, vuta tepu kutoka kona hadi kona ndani ya kila nusu ya uwanja: mishazari yote miwili isome mita 12.73. Ikitofautiana, uwanja umepinda, hata kama kila upande peke yake uko sahihi. Mstari wa mashambulizi huchorwa ukingo wake wa nyuma ukiwa mita 3 kutoka katikati ya mstari wa kati.

Kuzunguka uwanja kuwe na eneo huru lisilopungua mita 3 kila upande, na juu yake mita 7 bila kizuizi. Kivuli cha mwembe ni kizuri kwa watazamaji, lakini tawi likiingia juu ya eneo la mchezo likatwe, au uwanja uhamishwe.

Chokaa huondoka na mvua, na baadhi ya shule zimeona dawa ni kufukia matofali au mbao pembezoni. Hairuhusiwi. Mistari ya kitu kigumu imekatazwa kwa sababu mchezaji anayepiga mbizi huiangukia kwa goti au kwa mkono. Rudieni chokaa. Nguzo nazo ziwe laini na za mviringo, zenye kimo cha mita 2.55, zisimame kati ya sentimita 50 na mita 1 nje ya mstari wa pembeni. Kuzishikilia kwa waya zilizofungwa kwenye vigingi ni marufuku. Chimbeni shimo la kutosha na mmwage zege.

Sasa utaratibu. Mwamuzi wa kwanza hukagua uwanja na kupima wavu kabla ya kura ya kuamua nani aanzishe mpira na nani achague upande. Huo ndio wakati wa kusema. Mchezo ukishaanza, ni nahodha aliyeko uwanjani pekee anayeweza kuomba wavu, sakafu au mpira vikaguliwe, na huomba mpira ukiwa umekufa, yaani mchezo umesimama. Asiporidhika na maelezo ya mwamuzi kuhusu matumizi ya kanuni, amjulishe papo hapo kuwa anahifadhi haki ya kukata rufaa, kisha aiandike kwenye fomu ya mchezo baada ya mechi. Asipojulisha papo hapo, haki hiyo hana tena. Mzazi, mwalimu wa zamu au shabiki kuingia uwanjani na tepu mkononi hakubadilishi matokeo.

Wengine hulalamika kwa kuchelewesha mchezo. Mara ya kwanza timu huonywa kwa kuchelewesha. Ikirudia katika mechi hiyo hiyo, hata kama aliyechelewesha ni mchezaji mwingine, wapinzani hupewa pointi na kuanzisha mpira. Utovu wa adabu una ngazi zake. Kadi ya njano ni onyo lisilo na pointi. Kadi nyekundu ni pointi na mpira kwa wapinzani. Kadi mbili zikionyeshwa kwa mkono mmoja, mhusika hachezi tena seti hiyo, na zikionyeshwa kila moja kwa mkono wake, mechi kwake imekwisha.

Shule au klabu yenye shaka na uwanja wake imwone ofisa michezo wa halmashauri yake kabla ratiba haijatoka. Wavu uwe umeshafungwa na kukazwa siku ya ukaguzi, kwa sababu wavu uliokunjwa stoo haupimiki.