Je, wajua? Kumnunulia mtu simu hakukupi ruhusa ya kumfuatilia kwa siri

Jioni moja nilikuwa kwenye banda la fundi simu karibu na stendi ya Moshi, nasubiri kioo cha simu yangu kibadilishwe. Akaja kijana mmoja ameshika simu yenye kava la maua. "Fundi, niwekee kitu humu nione mwenye simu anashinda wapi. Ila asijue." Fundi akamuuliza simu ni ya nani. "Ya wife. Nimeinunua mimi mwenyewe." Fundi akaisogeza mbele ya mteja wake bila hata kuiwasha. "Basi njoo na shemeji, kaka. Akikubali nitaweka bure." Kijana aliondoka amenuna.

Hoja yake naisikia sana: nimenunua mimi, kosa liko wapi?

Kwanza tuone simu inavyojulikana ilipo. Wengi wanadhani satelaiti zinatuona. Hazituoni. Satelaiti za GPS hutuma tu ishara kuja duniani, na simu yako huzipokea na kukokotoa yenyewe iko wapi. Jibu linabaki ndani ya simu mpaka programu fulani ilichukue na kulituma kwingine kwa intaneti. Kwa hiyo anayetaka kukufuatilia inabidi aingie: afungue simu yako, aweke programu, aipe ruhusa ya kuona mahali ulipo. Au awashe huduma ya kushirikisha mahali iliyomo tayari kwenye ramani, ajiunganishe yeye. Na mara nyingi namba ya siri unakuwa ulimpa mwenyewe, kwa mapenzi.

Sheria nayo inasimama pale pale mlangoni. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 4, inakataza mtu kuingia kwenye mfumo wa kompyuta kwa makusudi na kinyume cha sheria, na simu janja ni kompyuta kamili. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 3, au kifungo kisichopungua mwaka 1, au vyote viwili. Akinasa na mawasiliano yako, kifungu cha 6 kinapandisha faini, isipungue milioni 5. Na juu ya sheria hizo kuna Katiba, ibara ya 16, inayompa kila mtu hifadhi ya maisha yake binafsi na mawasiliano yake. Imesema kila mtu. Mke aliyeolewa yumo, na mume yumo. Risiti ya dukani inathibitisha nani alilipa. Haithibitishi kwamba mwenye kuitumia amekubali kufuatwa.

Wenye bodaboda huniuliza kuhusu kifaa cha GPS kwenye pikipiki. Hapo unalinda mali yako, ni jambo jingine. Lakini kifaa hicho kinamwonyesha na dereva alipo, kwa hiyo mwambie kabla hajaondoka nayo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, imejengwa juu ya msingi huo: mwenye taarifa ajue zinakusanywa, na kwa kusudi gani.

Ukihisi unafuatwa, fungua mipangilio ya simu, uangalie programu zenye ruhusa ya mahali. Usiyoitambua iandike jina. Kwenye WhatsApp tazama vifaa vilivyounganishwa.

Ila kama unayemshuku ana mkono mwepesi wa kupiga, tafadhali usikimbilie kufuta. Ukifuta tu, ataona umepotea kwenye ramani yake, na atajua umegundua. Pia ushahidi unakuwa umeondoka. Piga picha kioo cha simu hiyo kwa simu ya mtu unayemwamini, kisha nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Simu yenyewe iache nyumbani siku hiyo, pale inapokaa kila siku.