Marillion baada ya Fish: mwimbaji mpya anavyobadili mkono wa wapiga vyombo

Mabishano kuhusu bendi za roki ya progresivu (roki ya nyimbo ndefu zenye mipangilio tata) zilizobadilisha mwimbaji huishia mara nyingi kwenye swali la nani alikuwa bora, na sijawahi kuona swali hilo likimfikisha mtu popote. Kazi yangu ni kuchanganya sauti studio, kwa hiyo ninachotaka kujua ni jinsi mwimbaji mpya anavyowafanya wenzake wapige. Kwa jambo hilo sijui mfano ulio wazi kuliko Marillion ya Uingereza, kwa sababu kuanzia albamu ya Fugazi ya 1984 wapiga vyombo wake walikuwa wale wale wanne: Steve Rothery kwenye gitaa, Mark Kelly kwenye kinanda, Pete Trewavas kwenye besi na Ian Mosley kwenye dramu. Fish, mwimbaji wao wa wakati huo, alipoondoka 1988, na Steve Hogarth akaingia mahali pake mwaka uliofuata, hakuna mwingine aliyehama.

Tena ushahidi upo. Kabla ya kuachana, Fish na wenzake walikuwa wamesharekodi majaribio ya albamu ambayo ingefuata Clutching at Straws ya 1987, na rekodi hizo zilikuja kutolewa pamoja na toleo jipya la albamu hiyo mwaka 1999. Walipogawana, Fish aliondoka na maneno yake, bendi ikabaki na muziki. Ndiyo maana "Story from a Thin Wall" ilizaa nyimbo mbili: maneno yake mengi yaliingia katika "Family Business", kwenye albamu ya kwanza ya Fish akiwa peke yake, na muziki wake ukawa "Berlin" katika Seasons End, albamu ya kwanza ya bendi na Hogarth, iliyotoka Septemba 1989, wiki chache kabla ya Ukuta wa Berlin kuanguka.

Isikilize kwanza ile rekodi ya majaribio, kisha "Berlin". Fish ni mghani zaidi kuliko mwimbaji; huujaza mstari kwa maneno, huzikazia konsonanti, na sauti yake ina ukwaruzo unaokaa pale pale gitaa linapotaka kukaa. Kwa hiyo Rothery, katika albamu zote za wakati ule, husubiri ubeti uishe ndipo ajibu, na majibu hayo, ambayo mengine ni mazuri mno, hubaki kuwa vipande vinavyojitegemea. Hogarth hutumia maneno machache, huzivuta irabu na kupanda hadi kwenye sauti nyembamba ya juu kabisa. Nafasi inayobaki Kelly huijaza kwa milio mirefu ya kinanda, gitaa linaweza kwenda sambamba na mwimbaji bila kumfunika, na besi ya Trewavas, ambayo zamani ilibidi uitafute, inaanza kusikika kama sauti ya pili.

Hata hivyo Seasons End yenyewe ni albamu ya mpito. Sehemu kubwa ya muziki wake ilikuwa tayari kabla Hogarth hajafika, na baadhi ya maneno yaliandikwa na John Helmer, mwandishi wa nje ya bendi, ingawa "Easter", wimbo unaohusu machafuko ya Ireland Kaskazini, Hogarth alikuja nao mwenyewe, na kwangu ndio unaong'aa kuliko zote.

Mabadiliko yalikamilika katika Brave ya 1994. Hogarth alikuwa amesikia redioni habari za msichana aliyekutwa kwenye daraja la Severn, asiyetaka kuzungumza na mtu yeyote, na bendi ikajenga juu ya habari hiyo albamu ya zaidi ya saa nzima. Fish aliandika kutoka maishani mwake: utoto na mapenzi yaliyovunjika katika Misplaced Childhood, pombe katika Clutching at Straws, na mhusika wake daima ana la kusema. Mhusika wa Brave amenyamaza, hivyo mengi yanayompata huelezwa na kinanda na gitaa, huku mwimbaji akiingia na kutoka. Nampenda Fish, na albamu zake nne na Marillion nazisikiliza hadi leo, lakini sioni namna ambavyo hadithi hiyo ingeweza kupita mikononi mwake ikabaki na ukimya wake.